Kaktasi ya Pipa: Namna ya Kuipanda na Kuitunza

Kaktasi ya pipa yenye miiba ya rangi ya dhahabu asili yake ni Meksiko ya kati, hasa jimbo la Querétaro, ambako huota kwenye miteremko mikali yenye mawe. Ni ndugu wa mpungate, ambao nao ulitoka bara la Amerika. Kitaalamu huitwa Echinocactus grusonii, kwa heshima ya Hermann Gruson, mwenye viwanda wa Magdeburg, Ujerumani, aliyekuwa mkusanyaji mkubwa wa kaktasi. Katika miaka ya 1990 bwawa la Zimapán lilizamisha sehemu kubwa ya makazi yake, na sasa imo katika orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka porini, ingawa imejaa katika bustani na vitalu duniani kote.

Haina majani. Shina lake la mviringo, linaloweza kufikia upana wa karibu mita moja, ndilo linalotengeneza chakula na kuhifadhi maji. Matuta yake hutanuka mvua inaponyesha na kujikunja wakati wa ukame, kama marinda ya sketi. Vitundu vya kupitishia hewa hufunguka usiku, wakati kuna ubaridi, ili maji yasipotee kwa jua la mchana. Mmea wenye akiba ya namna hii hustahimili kiu, lakini mizizi yake huoza upesi ikikaa kwenye tope.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ni udongo usiotuamisha maji. Changanya udongo wa bustani na mchanga mnene au kokoto ndogo kwa vipimo sawa, utie katika chungu chenye matundu chini. Chungu cha udongo kinafaa kuliko cha plastiki, kwa kuwa hukauka haraka. Usiuchagulie mmea chungu kikubwa mno, kwani udongo usiofikiwa na mizizi hubaki na unyevu.

Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti hadi chini. Kikitoka na udongo ulioshikana nacho, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatokeze kwenye matundu, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Majira ya baridi, au mvua zinapofululiza, punguza sana, na chungu kilicho nje kisogezwe chini ya paa.

Kaktasi hii hupenda jua. Ikikaa gizani hurefuka na kuchongoka juu. Hata hivyo, iliyozoea kivuli itolewe juani kidogo kidogo, la sivyo ngozi yake huungua na kubaki na mabaka yasiyofutika. Kila baada ya miaka miwili au mitatu ihamishiwe chungu kingine, ikiwa imezungushiwa gunia au magazeti yaliyokunjwa ili miiba isichome mikono.

Vidung'ata hujificha katikati ya miiba na kuacha utando mweupe kama pamba. Wafute kwa kijiti cha pamba kilicholowekwa spiriti. Shina likilainika na kuwa kahawia chini, kuoza kumeshaanza, na mara nyingi mmea hauponi.

Maua yake ya manjano hutokea utosini, kwa kawaida mmea ukikaribia miaka ishirini. Anayetaka kuyaona mapema na anunue mmea mkubwa uliooteshwa kitaluni, si uliong'olewa porini.