Mti wa maua katika parseli ya Kabondo: miaka miwili ya kwanza

Mvua ya mwezi wa tatu ikianza kunyesha Kisangani, familia nyingi za Kabondo hutafuta mche wa mti wa maua na kuupanda mbele ya nyumba. Ni jambo jema, na tunalifurahia. Lakini mwaka ukizunguka, miche mingi imekauka au imeliwa na mbuzi. Ile iliyopona, mingine imeanza kuleta maneno kati ya majirani: mizizi imepita chini ya ukuta, tawi limeangukia bati la mwingine, na kesi inafika kwa wazee wa kanisa. Mambo hayo mawili tunaweza kuyazuia mapema, mti ukiwa bado mdogo.

Tuanze na kuchagua, kwa sababu hapo ndipo kesi nyingi huzaliwa. Flamboayan inapendwa kuliko yote. Wenzetu wa Tanzania huuita mkrismasi, maana kwao huchanua karibu na Noeli. Asili yake ni Madagaska, mahali penye kiangazi kirefu; huku kwetu kiangazi ni kifupi, kwa hiyo usishangae ukitoa maua machache kuliko ule uliouona kwenye picha. Ukikomaa, kivuli chake hupita urefu wake kwa upana, na mizizi yake hutembea juu juu na kunyanyua sementi. Kwa maoni yetu, unahitaji mita nane au kumi kutoka nyumba yoyote, yako na ya jirani. Uwanja wa kanisa au wa shule unaufaa. Parseli ya kawaida ya Kabondo haiwezi.

Tulipie ya Gabon, ile yenye maua mekundu kama vikombe, ni mti wa misitu ya Afrika na hukua upesi sana. Watoto huupenda, kwa sababu machipukizi ya maua yake yana maji na wao huyabana ili kumwagiana. Lakini mbao zake ni laini, na upepo wa mvua huvunja matawi yake. Usiuweke karibu na bati wala chini ya nyaya za umeme.

Kwa parseli ndogo tunapendekeza franjipani, mti wenye matawi manene, utomvu mweupe na maua yanayonukia sana usiku. Hauzidi sana kimo cha nyumba. Bauhinia nayo, yenye majani kama kwato la mbuzi, ni mti wa kiasi, na mara nyingi huanza kuchanua akiwa na miaka miwili au mitatu tu. Jakaranda tuwaachie ndugu wa Bukavu. Inapenda baridi kidogo na miezi mikavu, na Kisangani, yenye kimo cha mita 400 hivi tu, hukua lakini maua ni haba.

Kuna mmoja wa kuuogopa: ule mti mdogo wa maua ya manjano yenye umbo la tarumbeta, majani membamba na matunda yenye kokwa ngumu, ambao wengine huuita lorie ya manjano. Kila sehemu yake ina sumu, na kokwa yake huathiri moyo. Inaweza kuua mtoto. Lorie ya maua ya waridi ni hivyo hivyo. Nyumba yenye watoto isiwe nayo, hata kama imekuta imepandwa na wenye parseli wa zamani.

Sasa kupanda. Mbegu ya flamboayan ina ganda gumu. Imwagie maji ya moto yaliyotoka tu jikoni, uiache humo mpaka asubuhi. Zile zilizovimba ndizo za kupanda. Franjipani haihitaji mbegu. Kata tawi la urefu wa mkono, lilaze kivulini kama juma moja mpaka kidonda kikauke, kisha lisimike kwenye udongo wa mchanga. Ukilipanda likiwa bichi na kulimwagia maji kila jioni, litaoza. Utomvu wake huwasha, usiguse macho.

Shimo liwe na upana wa sentimita 60 na kina hivyo hivyo. Udongo wa juu, ule mweusi, utenge upande wake, uuchanganye na samadi iliyooza vizuri, urudishe chini. Mche ukitoka kwenye sashe, toa sashe yote. Mizizi ikiwa imejizungusha kama kamba, ifungue au ikate ile inayozunguka, la sivyo itaunyonga mti miaka michache baadaye. Mahali maji yanaposimama baada ya mvua, panda juu ya kichuguu ulichokitengeneza mwenyewe. Ndugu wa Goma mnaochimba mawe ya volkano, ninyi mnajua kazi yenu: shimo lijazwe udongo ulioletwa kwa kikapu.

Hapa tunafika kwenye fagio. Watu husema huku mvua haikosi, mti utajilea wenyewe. Lakini mvua yetu, zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka, huosha udongo na kuondoka na chakula chake. Msitu unaonekana tajiri kwa sababu majani yanaoza palepale yalipoanguka. Sisi kila asubuhi tunafagia parseli mpaka ardhi inang'aa, na mche unabaki na njaa. Hatusemi muache kufagia. Uwanja safi hufukuza nyoka. Tunaomba duara moja tu, la mita moja kuzunguka mche, ambalo fagio haliingii. Lifunike kwa majani makavu, lakini yasiguse shina, maana mchwa hupandia hapo. Majivu kidogo ya jikoni yanasaidia, kwani udongo wetu una asidi. Kidogo, si ndoo nzima.

Kile kiangazi kifupi cha mwezi wa kwanza na wa pili ndicho kinachoua. Mwaka wa kwanza na wa pili, mpe mche ndoo moja mara mbili kwa juma. Kikombe cha kila jioni hulowanisha juu tu, na mizizi haitafuti kina. Jenga uzio wa mianzi kwa ajili ya mbuzi. Kijiti cha kuushikilia kifungwe kwa mpira wa ndani wa baiskeli; mafundi wa toleka wanautupa kila siku. Usikaze.

Yule mtunza shamba katika Luka 13 aliomba mwaka mmoja zaidi ili apalilie mtini na kuutia mbolea. Sisi tungeongeza kwamba kwa miti yenye mizizi ya juu, palizi iwe ya mkono, si ya jembe.

Mti ukifika kimo cha mtu, acha shina moja liongoze, na uondoe matawi ya chini polepole, mawili au matatu kwa msimu. Na kabla ya kuchimba shimo karibu na mpaka, muite jirani, mwonyeshe mti utakaofika wapi ukikomaa. Akikataa, sogeza shimo.