Barabara inazuia, lakini nani anajenga?

Kila mara wakubwa wanapogusa Katiba, hapa Lubumbashi ulizo ni moja: tuingie barabarani ao tubakie ku nyumba? Mwezi wa kumi 2024, kule Kisangani, Raisi Félix Tshisekedi alitangaza kwamba ataweka tume ya kutazama upya Katiba ya 2006. Toka siku ile maneno yamerudi ku masoko, ndani ya taxi na ku milango ya kanisa. Wamoja wanasema: bila maandamano hakuna kitakachobadilika. Wengine wanajibu: tuliandamana, watu walikufa, na bukari ingali paka ya kutafuta kila siku. Pande zote mbili ziko na ukweli. Tutazame ginsi mambo yalivyopita.

Siku nane za 2015

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2015, Baraza la wabunge lilipitisha sheria mpya ya uchaguzi. Ndani yake kulikuwa kipande kidogo kilichofunga uchaguzi pamoja na kuhesabu wakaaji wote wa inchi. Inchi yetu haijahesabu watu wake toka 1984. Kila mtu alielewa: uchaguzi wa 2016 utangoja, na Raisi Joseph Kabila atabakia.

Tarehe 19 vijana waliingia barabarani Kinshasa, kiisha miji mingine kama Goma. Serkali ilikata intaneti. Makumi ya watu waliuawa. Lakini Seneti iligeuza sheria, na tarehe 25 ilipita bila kile kipande. Siku nane tu.

Juu ya nini iliwezekana? Kwa sababu watu waliomba kitu kimoja, kilichoandikwa ku karatasi, na kulikuwa mahali panapojulikana pa kukitolea. Kesho yake kila mtu aliweza kusoma na kuona kama kimetoka ao kimebaki.

Kilichofukuzwa ku mlango kikaingia ku dirisha

Hata hivi, uchaguzi wa 2016 haukufanyika. Kile sheria ilichokatazwa kufanya, kalenda ilikifanya. Tuliita jambo lile « glissement », ni kusema kuteleza. Muhula wa Raisi uliisha tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili 2016. Siku ya kufuata, hapa kwetu Lubumbashi risasi zililia. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 40 waliouawa katika nusu ya mwisho ya mwezi ule, Kinshasa, Lubumbashi, Boma na Matadi. Tarehe 31 maaskofu wa CENCO walipata mapatano: uchaguzi mbele ya mwisho wa 2017. Haukufanyika tena.

Njo pale Wakristo walei walianza kutembea: tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2017, kiisha mwezi wa kwanza na wa pili 2018. Walitoka na misalaba na rozari, na wengine hawakurudi nyumbani. Mwezi wa munane 2018, Kabila alimtaja Emmanuel Ramazani Shadary awe mgombea pahali pake. Hatuseme ni barabara peke yake iliyofanya ile kazi. Maaskofu walisema, inchi jirani zilisukuma, vikwazo vya Ulaya na Marekani vililemea wakubwa. Lakini bila watu kule inje, maneno ya wote wale yangekuwa mepesi.

Kiisha ikaja hesabu ya kura. CENI ilimpa Félix Tshisekedi 38,57 kwa mia. Maaskofu, waliokuwa na watazamaji karibu 40 000, walisema hesabu ile haifanane na yao. Barabara ingefanya nini? Barabara haihesabu kura.

Na tukumbuke jambo lingine. Mtu anawezaje kuwa raisi bila kufikia nusu ya kura? Kwa sababu mwezi wa kwanza 2011 Katiba iligeuzwa haraka haraka, na duru ya pili ikaondolewa. Siku zile hakuna maandamano makubwa yaliyozuia. Tulilala, na miaka saba kiisha tulikula matunda yake.

Lubumbashi inajua bei

Muji wetu haukuanza jana. Mwezi wa kumi na mbili 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kwa ajili ya mshahara, na askari waliwafyatulia risasi ku uwanja wa mpira. Mwaka 1946 Wabeleji waliruhusu vyama vya wafanyakazi Waafrika, lakini chini ya jicho lao. Mlango ulifunguka kidogo, na ufunguo ukabaki mu mfuko wa mzungu.

Kuna somo lingine, chungu zaidi. Tarehe 16 mwezi wa pili 1992, Wakristo wa Kinshasa walitembea ili Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena. Walipigwa risasi, lakini mwezi wa ine ulifunguliwa. Mwezi wa munane ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu. Na hapa Katanga? Vijana walisukumwa na wanasiasa juu ya jirani zao. Wakasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, familia nzima zikalala ku gare zikingoja treni. Barabara ile ile inayodai haki inaweza kumchoma jirani. Inategemea nani anaipatia maneno.

Hata Kenya waliona

Mwezi wa sita 2024, vijana wa Kenya waliingia mpaka bungeni juu ya sheria ya kodi. Raisi William Ruto alikataa kuitia sahihi. Kufika mwezi wa kumi na mbili, kodi zingine zilikuwa zimerudi ndani ya sheria nyingine. Ni hadithi yetu ya mlango na dirisha.

Basi tufanye nini?

Jibu letu ni hili: barabara inaweza kusimamisha kitu, haiwezi kukaa pahali pa kile kitu. Kwa hiyo kazi ni mbili. Kwanza, kujua kipi tunakataa. Kipengele cha 220 cha Katiba kinakataza kugusa hesabu na urefu wa mihula ya raisi. Anayetaka kukilinda akitaje kwa namba yake, hapana kupiga kelele tu. Na kipengele cha 26 kinaomba wanaoandaa maandamano wajulishe serkali kwa barua. Kujulisha, si kuomba ruhusa. Kipengele kile kinasema pia kwamba hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kuandamana. Mama anayeuza mboga ili batoto bale magaribi asitukanwe kwa kufungua meza yake.

Pili, kufuata. Mbunge wa Lubumbashi alipiga kura gani? Karatasi ya matokeo ilibandikwa ku mlango wa ofisi ya kura? Nani aliipiga picha na kuitunza? Kazi hii haina nyimbo wala kamera, lakini njo inayofunga dirisha. Kuandamana ni siku moja. Kufuata ni mwaka muzima, na mwaka ule hatujaufanya bado.