Kujua hali ya emeteri bila kupanda mulima

Redio ikinyamaza, simu zinaanza kulia studio: «Muko wapi? Kumetokea nini?» Mara nyingi hata sisi hatujui. Emeteri, ile mashini inayorusha sauti, iko mulimani pamoja na antene, na fundi lazima apande. Siku ambazo njia haiko salama, anangoja. Kuna siku fundi wetu alitembea saa mbili chini ya mvua, akakuta batri zimeisha tu, juu ya mawingu ya siku tatu. Hakukuwa kitu cha kutengeneza. Alishuka vile alivyopanda.

Ndiyo maana tumeuliza mafundi: inawezekana emeteri yenyewe ituambie hali yake? Inawezekana, kwa seva ndogo sana.

Watu wengi wakisikia seva wanafikiria chumba kizima cha ordinateri. Lakini seva ni programu inayongoja mutu aulize, kisha inajibu kwa kutuma ukurasa. Ruta yenu ya Wi-Fi iko nayo: mukiandika namba kama 192.168.1.1 kwenye simu, ukurasa unaotokea unatoka ndani ya ruta ile ile. Intaneti haihitajiki.

Kwa mulimani, kadi inayoitwa ESP32 inatosha. Ilitoka mwaka 2016, inaingia kiganjani, iko na Wi-Fi ndani, na inauzwa dola chache. Fundi anaiandikia programu kwa ordinateri, anaiingiza kwa kamba ya USB. Kipimo cha joto kama DS18B20 kinawekwa karibu na emeteri.

Batri ndiyo inaomba akili. Mulango wa kupimia wa kadi hauvumilii zaidi ya volti 3.3, na batri ya volti 12 ikichajiwa inafika hata 14.4. Mukiunga moja kwa moja, kadi inakufa. Munaweka rezistansi mbili: ya kiloomu 47 upande wa batri, ya kiloomu 10 upande wa masi, na kadi inapima katikati yake. Volti 14.4 zinakuwa karibu 2.5. Programu inazidisha mara 5.7 ili kuonyesha volti za kweli. Mulinganishe na multimetri, sababu kadi hii haipimi sawasawa sana. Tena mupimie kwenye namba 32 mpaka 39: milango mingine ya kupimia haifanye kazi wakati Wi-Fi inawaka. Fundi asiyejua hilo anaweza kupoteza siku nzima akitafuta kosa kwenye waya.

Kama studio inatuma sauti mulimani kwa antene za Wi-Fi, kadi inaingia katika njia hiyo hiyo. Muipatie adresi isiyobadilika, la sivyo kesho mutaitafuta.

Mpaka hapo ukurasa unaonyesha tu. Wengi wanataka pia kuzima na kuwasha kwa rele, na hapo ndipo mimi ningeenda polepole. Kuzima kusiwe linki ya kawaida. Simu inaweza kufungua tena ukurasa wa jana yenyewe, na redio ikazimika bila mutu kugusa kitu. Kuwe butoni inayotuma amri ya aina ya POST, na neno la siri. Lakini neno hilo, kwenye HTTP ya kawaida, linasafiri wazi. Kwa hiyo Wi-Fi yenyewe ifungwe kwa WPA2, na seva isifunguliwe kwa intaneti ya dunia nzima. Mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai viliteka kamera na ruta nyingi sana kwa kujaribu tu maneno ya siri yaliyotoka kiwandani, ambayo wenyewe hawakubadilisha. Redio ni sauti ya watu. Kuko wanaopenda inyamaze.

Jambo la mwisho ambalo mafundi wanasahau: kadi yenyewe ikiharibika, emeteri itafanya nini? Rele iko na njia inayobaki imefungwa hata bila umeme. Emeteri ipitie hapo, na rele iwe na nguvu ya kubeba umeme wake. Hivyo kadi ikikufa usiku, matangazo yanaendelea, na fundi atapanda siku njia ikiwa nzuri. Kabla ya kupeleka kitu mulimani, kikae wiki moja mezani studio, mukikikatia umeme kila mara muone kama kinaamuka peke yake.