Upepo Uliofungwa: Matunzo ya Kompresa Kuukuu Kibera na Kawangware

Kando ya Barabara ya Naivasha inayopita Kawangware, kama ilivyo pia karibu na soko la Toi na katika njia za Makina na Laini Saba huko Kibera, fundi wa panchari hutambulika kwa tairi kuukuu zilizopangwa ukingoni mwa njia na kwa mngurumo wa kompresa, yaani mashine inayovuta hewa ya kawaida, kuibana na kuihifadhi ndani ya tangi la chuma hadi itakapohitajika. Mashine hiyo mara nyingi huwa imepitia mikono kadhaa kabla ya kufika hapo, na kudumu kwake hutegemea ustadi wa watu ambao wengi wao walijifunza kazi kwa kumsaidia fundi mwingine. Ustadi huo ni mkubwa, lakini una kasoro moja yenye uzito: hushughulikia zaidi sehemu zinazosimamisha kazi zikiharibika, na kuisahau sehemu ile ambayo haiharibiki kwa kelele.

Utendaji wa kompresa ya pistoni si mgumu kueleweka. Mota ya umeme au injini ya petroli huzungusha gurudumu kwa mkanda, na gurudumu hilo huisukuma pistoni juu na chini ndani ya silinda. Pistoni inaposhuka, kibati chembamba cha chuma kiitwacho valvu hufunguka na kuruhusu hewa kuingia, na inapopanda, kibati hicho hujifunga na kingine hufunguka ili hewa iliyobanwa ielekee tangini. Mlangoni mwa tangi huwekwa valvu ya mwelekeo mmoja ambayo huizuia hewa isirudi nyuma, na swichi ya shinikizo huizima mota tangi linapojaa, kwa kawaida kwenye bar 8, ambazo ni sawa na pauni 116 hivi kwa inchi ya mraba, kipimo kinachotumiwa na mafundi. Tairi la gari dogo huhitaji pauni 30 hadi 35 tu, ilhali la lori huweza kuzidi pauni 100, kwa hiyo fundi anayehudumia malori huifanyisha mashine kazi karibu na kikomo chake.

Nairobi yenyewe huiongezea mashine mzigo. Jiji liko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni kama asilimia 80 tu ya lile la Mombasa, jambo linalomaanisha kwamba kila pistoni inapovuta, hupata hewa pungufu kwa karibu moja ya tano. Kompresa ileile iliyojaza tangi upesi kule pwani itachukua muda mrefu zaidi Kawangware, itapata joto zaidi, na mmiliki wake anaweza kudhani kuwa imechoka kumbe inavuta hewa nyepesi.

Uchovu wa kweli huonekana kwanza katika vizibo, yaani raba zinazozuia hewa kuvuja. Fundi hulijaza tangi jioni, huizima mashine, na asubuhi husoma geji; sindano ikiwa imeshuka sana, hupaka maji ya sabuni kwenye viungio, na mahali panapotoa povu ndipo panapovuja. Ikiwa viungio vyote ni vizima huku hewa ikisikika kurudi upande wa silinda, basi valvu ya mwelekeo mmoja ndiyo mbovu, mara nyingi kwa sababu ya chembe ya kutu au masizi iliyokaa chini ya raba yake. Hapa ndipo mazoea ya mtaani yanapostahili kukosolewa kidogo. Kipande cha tyubu ya tairi hukatwa kikafanywa kizibo, nacho hushika vizuri kwa siku chache, lakini raba ya tyubu nyingi ni ya aina ya byutili ambayo huvimba na kulainika ikikutana na oili, ilhali raba inayofaa ni naitraili, ambayo huistahimili. Vizibo vya naitraili si adimu, kwani hutumika pia katika magari, na Barabara ya Kirinyaga katikati ya jiji inajulikana kwa maduka ya vipuri vya aina hiyo.

Oili nayo hueleza hali ya mashine. Ikigeuka rangi ya maziwa, imechanganyika na maji; ikipungua bila kuvuja nje, ringi za pistoni zimelika na oili inapanda pamoja na hewa, hasara ambayo fundi wa panchari huenda asiijali lakini mpuliza rangi ya magari huiona mara moja, kwa kuwa rangi hukataa kushika na kuacha vishimo. Chujio la hewa lisafishwe kila mara katika mitaa yenye vumbi, na mkanda usilegee. Mota inayovuma bila kuzunguka si lazima iwe imekufa. Huenda stima inaifikia ikiwa dhaifu kupitia waya mrefu na mwembamba, na kuiwasha mara kwa mara katika hali hiyo ndiko kunakoichoma.

Yote hayo hujitangaza, isipokuwa tangi. Hewa ina mvuke wa maji, na inapobanwa kisha ikapoa, mvuke huo hugeuka maji yanayokaa chini ya tangi. Yasipotolewa kila jioni kupitia koki iliyo chini kabisa, huila chuma kutoka ndani, mahali ambapo rangi ya nje haiwezi kuonyesha lolote. Tundu dogo linapojitokeza, kishawishi ni kulichomelea kiraka na kuendelea na kazi, lakini tundu hilo ni dalili kwamba chuma kilicholizunguka pia kimekuwa chembamba, na joto la kuchomelea hukidhoofisha zaidi. Tangi la aina hiyo huenda lisiishie kuvuja tena. Huweza kupasuka, na vipande vyake hurushwa kwa nguvu inayoweza kuua mtu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 imeyataja matangi ya hewa waziwazi, ikitaka yawe na alama ya shinikizo salama, geji, valvu ya usalama na njia ya kutolea maji, na yakaguliwe na mtaalamu aliyeidhinishwa. Ukaguzi wa nguvu hufanywa kwa maji badala ya hewa: tangi hujazwa pomoni hadi hewa yote itoke, kisha husukumwa hadi kiasi kilichozoeleka cha mara moja na nusu ya shinikizo la kazi, yaani bar 12 kwa tangi la bar 8. Maji hayabaniki kama hewa, kwa hiyo tangi likishindwa hutoa mchirizi tu. Valvu ya usalama nayo ivutwe pete yake mara kwa mara ili kuhakikisha haijagandamana, na isifungwe kwa waya eti kwa sababu inapoteza upepo.

Tangi lililoshindwa linapaswa kukatwa vipande viwili kabla ya kupelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu likiuzwa zima, hata kama limeoza ndani, litapakwa rangi mpya na kupata mnunuzi.