Spika ya Zamani Ikinyamaza

Wasikilizaji, mara nyingi spika ya zamani hutupwa, na hali ina ubovu mdogo tu. Mwenye nayo husikia sauti imefifia, akakata shauri ya kuwa imekufa. Pengine hununua kiungo kipya cha thamani, akakitia, na ubovu ukabaki pale pale, maana kilichoharibika sicho alichokibadili. Basi leo na tujifunze kutafuta ubovu kwa taratibu, kutoka nje kwenda ndani.

Kwanza yafaa tufahamu kazi ya spika. Ndani yake mna sumaku, na katika mwanya mwembamba wa sumaku hiyo mna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Koili imegandishwa kwenye karatasi ngumu yenye umbo la faneli. Umeme wa muziki ukipita, koili husukumwa mbele na nyuma, karatasi nayo huitikisa hewa, nasi twasikia sauti. Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani walieleza ufundi huu mwaka 1925, na hata leo spika nyingi zafuata njia hiyo.

Na tutwae mfano mmoja: AR-3a, iliyotolewa mwaka 1967 na kampuni ya Acoustic Research huko Massachusetts, Marekani. Kasha lake lina spika tatu: ya sauti nzito, inchi 12, ya sauti ya kati, inchi 1½, na ya sauti nyembamba, inchi ¾. Nyuma mna vifundo viwili vya kuzungusha, vya kupunguza au kuongeza sauti ya kati na sauti nyembamba. Kasha limezibwa pande zote, na hewa iliyofungwa ndani huisaidia karatasi kurudi mahali pake kama springi. Njia hii ilibuniwa na Edgar Villchur, mmoja wa walioianzisha kampuni hiyo mwaka 1954.

Sasa, tuseme kasha la kushoto halitoi sauti nyembamba. Tufanyeje? Zima amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti, kisha badilisha nyaya: wa kushoto uwe wa kulia, na wa kulia uwe wa kushoto. Washa tena kwa sauti ndogo. Ikiwa ubovu umehamia kasha la pili, basi kasha la kwanza halina kosa; tafuta katika waya au amplifaya. Ikiwa ubovu umebaki katika kasha lile lile, umo ndani yake.

Pili, tega sikio karibu na kila spika, ujue ipi imenyamaza. Ikiwa ni ya kati au ya sauti nyembamba, usikimbilie kununua mpya. Zungusha polepole vifundo vya nyuma. Sauti ikija na kupotea, tena ikikwaruza, kosa ni la kifundo. Ndani ya vifundo hivi, kwa miaka mingi, huingia kutu mahali vyuma vinapogusana, umeme usipite. Ubovu huu ni mashuhuri sana katika makasha ya AR ya zamani. Kifundo husafishwa au hubadilishwa, na spika iliyodhaniwa maiti huimba tena.

Tatu, itazame spika ya sauti nzito. Ukingo unaoshika karatasi ulikuwa wa kitambaa katika zile za kwanza, na wa sponji katika zilizofuata. Sponji huoza kwa umri, hata hukatika kwa kuguswa. Ukingo ukiwa mzima, sukuma karatasi polepole kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote. Ukisikia mkwaruzo, koili yagusana na sumaku. Tena itazame ikirudi: ikirudi polepole, kasha limezibwa vema, ikirudi upesi, hewa yavuja mahali. Ukingo uliooza hubadilishwa peke yake. Lakini usipige muziki kwa nguvu kabla ya kuutengeneza, maana koili yaweza kwenda upande na kuharibika kabisa.

Mwisho, ukiwa na mita ya kupimia umeme, fungua waya wa spika unayoishuku, uipime peke yake. Koili nzima huonyesha hesabu iliyo chini kidogo ya ile ya spika. Iliyoandikwa omu 8 huonyesha kama 6 hivi. Mita isipoonyesha njia yo yote ya umeme, koili imekatika. Hapo ndipo pa kununua nyingine, wala si kabla.

Hivyo, kila jaribio hupunguza mahali pa kutafuta, na lililo jepesi hutangulia lililo ghali. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.