Hivi 'kubeba msalaba' ni kubeba nini?

Juma lililopita, katika mazishi kijijini, nilimsikia jamaa mmoja akimwambia mjane aliyeachiwa deni la hospitali: "Mama, huo ndio msalaba wako, ubebe tu." Kisha huyoo, akaenda zake kula. Nikajiuliza, neno hili kweli tunalielewa?

'Msalaba' na kitenzi 'sulubisha' vina asili moja, mzizi wa Kiarabu s-l-b. Kiswahili basi hakifichi kitu: kabla ya kuwa kidani cha dhahabu shingoni, msalaba ulikuwa chombo cha kuulia. Warumi waliwasulubisha hasa watumwa na waasi, tena hadharani, ili wapita njia watishike. Aghalabu aliyehukumiwa alibebeshwa mti wake mwenyewe hadi mahali pa kufia.

Kwa hivyo, Yesu anapomtaka mfuasi wake aubebe msalaba wake kila siku (Luka 9:23), hazungumzii deni, maradhi wala mume mlevi. Anamzungumzia mtu aliyekubali kwa hiari kulipa gharama ya kumfuata, hata ikiwa ni roho yake. Mjane yule hakuchagua deni.

Wanasiasa wetu nao wakisema 'fulani abebe msalaba wake' wanamaanisha 'shauri yake, mimi simo!' Wangesoma Marko 15:21. Simoni Mkirene alikuwa akipita tu, akitoka shambani, akashurutishwa kuubeba msalaba usio wake. Msalaba wenyewe ulikuwa wa Yesu.