Mguu Upi Unabeba Zaidi?

Wakimbiaji wa nyanda za juu husifiwa kwa mapafu yao. Sumbawanga, iliyo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ingestahili sifa hizo. Lakini Ufipa, nyanda uliko mji huo, ina jambo jingine linalosahaulika: miteremko yake. Upande wa magharibi nchi inaporomoka hadi Ziwa Tanganyika, upande wa mashariki hadi bonde la Ziwa Rukwa. Anayetoka mjini kuelekea Muze, kule bonde la Rukwa, kwa miguu hupata kipimo cha mapaja ambacho uwanja tambarare hauwezi kumpa.

Katika kupanda, msuli wa mbele wa paja hukaza huku ukifupika. Katika kushuka hukaza huku ukivutwa, ukifanya kazi ya breki. Kazi hiyo ndiyo inayoumiza nyuzi za msuli, na maumivu yake huja kesho au keshokutwa, wakati mtu anaposhuka ngazi kinyumenyume. Isitoshe, kila hatua ya mbio huipiga ardhi kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na mzigo wote hupokelewa na mguu mmoja.

Je, miguu yote miwili ina nguvu sawa? Kwenye maabara kubwa mwanariadha hufungwa mikanda kitini, kisha mashine hupima nguvu anayoitoa goti likinyooka kwa kasi isiyobadilika. Pasipo mashine, futi na chaki vinatosha. Simama kwa mguu mmoja nyuma ya mstari, ruka mbele, utue kwa mguu uleule na utulie. Ukiyumba au ukigusa chini kwa mguu wa pili, rudia. Pima hadi kwenye kisigino. Gawa umbali wa mguu ulioruka kidogo kwa ule wa mwenzake, kisha zidisha kwa 100. Aliyeruka sentimita 144 kwa kushoto na 160 kwa kulia ana asilimia 90, kiwango ambacho wataalamu wengi hukitumia kabla ya kumruhusu aliyeumia goti kurudi mazoezini.

Mimi siiamini asilimia hiyo ikiwa peke yake. Mwenye miguu miwili dhaifu anaweza kupata 100 kamili. Kwa hiyo sentimita zenyewe ziandikwe pia. Tena katika kuruka, nyonga na kifundo huweza kulifichia goti udhaifu wake. Ndiyo maana vigimbi hupimwa kivyake: mguu mmoja, kisigino juu, kisigino chini, kwa mdundo uleule mpaka nguvu ziishe. Kwa mtu mzima mwenye afya, mara 25 ni kiwango kinachotajwa sana.

Na tofauti si ugonjwa. Usain Bolt, mwenye uti wa mgongo uliopinda, alichunguzwa na watafiti wa Marekani, wakakuta mguu wake wa kulia ukipiga ardhi kwa nguvu kubwa zaidi ya wa kushoto kwa takriban asilimia 13. Hakuna kocha ambaye angethubutu kumnyoosha.

Kwa wa masafa marefu, swali ni miguu inakuwaje ikishachoka. Anayepiga hatua ya mita 1.75 huhitaji hatua kama 24,000 kumaliza marathoni, 12,000 kwa kila mguu. Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio hizo kwa tofauti ya sekunde 0.03, baada ya kukimbia zaidi ya saa mbili. Kipimo cha asubuhi, mtu akiwa ametoka kulala, hakisemi lolote kuhusu mita 100 za mwisho za namna ile. Pima kabla ya mazoezi marefu, kisha pima tena baada ya kushuka mlima.

Chunguza na barabara. Lami huinuka katikati na kuinamia kandoni. Anayekimbia akitazamana na magari, aende arudi, mguu wake wa kulia ndio unaokanyaga chini zaidi, kila siku. Njia za vumbi kuelekea Milima ya Mbizi zinampumzisha na adha hiyo.

Tofauti ikionekana kila unapopima, anza mazoezi ya nguvu kwa mguu dhaifu, na wenye nguvu usizidishe marudio ya ule dhaifu. Rudia kipimo baada ya wiki sita hadi nane, kwa viatu vilevile na mahali palepale, kwa sababu sentimita tatu nne zinaweza kuletwa na udongo uliolowa tu.